Wanapochungulia ndani ya betri: picha za IRM na kesho ya kobalti yetu

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya nchi yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje. Bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 21,000 kwa tani, hali mwaka 2022 ilikuwa imepita dola 80,000. Katazo lilirefushwa mwezi wa Juni, kisha tangu tarehe 16 Oktoba 2025 nafasi yake ikachukuliwa na viwango: kila kampuni ina kiasi chake, na kwa mwaka 2026 na mwaka 2027 nchi nzima haitauza nje zaidi ya tani 96,600 kila mwaka. Bei ilipanda tena zaidi ya mara mbili. Tangu hapo mazungumzo mengi kati yetu ni juu ya bei na vibali.

Lakini kesho ya kobalti haiamuliwi Kinshasa peke yake, wala kwenye soko la London peke yake. Inaamuliwa pia katika maabara ambazo hazitajwi sana katika habari zetu. Huko Cambridge na Birmingham nchini Uingereza, na New York nchini Marekani, watafiti wanaingiza betri ndani ya mashine ya aina ileile ambayo daktari anaitumia kupiga picha ya ubongo au ya uti wa mgongo: mashine ya IRM. Wanaiangalia betri ikijaa umeme na ikiisha, bila kuifungua.

Katika makala hii tunataka kueleza wanachokiona, na kwa nini mtu wa Lualaba, wa Haut-Katanga au wa Tanganyika anapaswa kukijali. Hoja yetu tunaiweka mbele: elimu hii inaweza kuleta mwanga katika vijiji vyetu na papo hapo kupunguza thamani ya jiwe letu. Taifa linalouza jiwe bila kujua kinachotendeka ndani ya betri litapata habari hizo mbili kwa kuchelewa, baada ya wengine kuamua.

Kwanza, tusichanganye mawe

Mara nyingi tunasikia watu wakisema koltani ndiyo inayotengeneza betri za simu. Sivyo. Koltani, ile inayochimbwa Rubaya na sehemu nyingine za Kivu, inatoa tantali, na tantali inatumika hasa katika vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoitwa kapasita. Madini ya betri ni mengine. Kobalti inatoka katika ukanda wa shaba wa Kolwezi, Fungurume na Likasi, nayo nchi yetu inatoa takriban robo tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lithiamu tunayo pia, chini ya ardhi ya Manono, mahali palipochimbwa bati tangu enzi ya ukoloni.

Betri ya lithiamu tunayoijua leo ina historia fupi. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba mchanganyiko wa lithiamu, kobalti na oksijeni unaweza kupokea na kuachia lithiamu mara nyingi. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaiuza betri ya kwanza ya aina hiyo. Mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97. Ndiyo kusema, mahitaji makubwa ya kobalti yetu kwa ajili ya betri hayajafikisha hata nusu karne. Yaliletwa na maabara, na maabara inaweza kuyabadilisha.

Mashine ya hospitali, mgonjwa mwingine

Mashine ya IRM inafanyaje kazi? Mwili wetu umejaa maji, na kila chembe ya maji ina haidrojeni. Kiini cha atomi ya haidrojeni kinatenda kama sumaku ndogo mno. Mtu akilazwa ndani ya sumaku kubwa, viini hivyo vinajipanga. Mashine inatuma mawimbi ya redio, viini vinasukumwa kidogo, kisha vinajibu kwa mawimbi yao wenyewe. Kwa kuifanya nguvu ya sumaku itofautiane kidogo kutoka mahali hadi mahali, mashine inajua kila jibu limetoka wapi, na picha inachorwa. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa ajili ya kazi hiyo.

Haidrojeni siyo atomi pekee inayojibu. Lithiamu pia inajibu, na sodiamu vilevile. Basi ukiiwekea mashine wimbi linaloifaa lithiamu, unaweza kuifuata lithiamu yenyewe inaposafiri kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine. Tena, lithiamu iliyomo ndani ya majimaji ya betri na lithiamu iliyogeuka kuwa chuma hazijibu kwa namna moja. Sauti zao zinatofautiana, na mashine inazitenganisha.

Kila aliyewahi kuingia katika IRM anajua kwamba unaambiwa uvue saa, pete na mkanda. Chuma na sumaku havipatani. Sasa betri, ambayo imejaa chuma, inaingiaje? Kwa miaka mingi hilo lilikuwa kizuizi kikubwa. Mawimbi ya redio hayapenyi chuma. Yanagusa ngozi yake tu, unene usiofika sehemu mbili za mia za milimita. Watafiti walilazimika kujitengenezea betri ndogo zenye kifuniko cha plastiki, na kuzipanga ndani ya sumaku kwa namna ambayo mawimbi yanapita pembeni ya bamba za chuma.

Walichokiona

Kisha wakagundua kwamba kizuizi chenyewe kinaweza kuwasaidia. Betri ikijazwa umeme haraka mno, au ikijazwa kwenye baridi kali, lithiamu inaweza kuganda juu ya upande hasi kama chuma, badala ya kuingia mahali pake. Inaota kama ukoga, au kama miiba myembamba. Mwiba ukikua hadi kutoboa utando unaotenganisha pande mbili za betri, betri inapiga shoti, inapata joto kali na inaweza kuwaka moto. Kwa magari na kwa simu, hili ni jambo la usalama wa watu.

Bamba nene la lithiamu linatoa jibu dogo kwa mashine, kwa sababu wimbi linagusa ngozi yake tu. Lakini mwiba mwembamba unapenywa wote mzima, nao unajibu kwa nguvu. Kwa hiyo jibu likianza kuongezeka, mtafiti anajua kwamba miiba inaota, na picha inamwonyesha ni wapi. Mwaka 2012 kikundi cha Clare Grey wa Cambridge na Alexej Jerschow wa Chuo Kikuu cha New York kilitoa picha za namna hiyo. Baadaye, mwaka 2016, wenzao wa New York walionyesha njia nyingine: kupiga picha ya majimaji yanayoizunguka miiba, na kuitambua miiba kwa nafasi tupu inayoiacha, kama unavyoona umbo la jiwe ndani ya maji yaliyotulia.

Mwaka 2018 kikundi cha Jerschow kilipiga hatua inayotugusa zaidi. Betri halisi, ile iliyofungwa na iliyo tayari kuuzwa, haiwezi kupigwa picha ndani moja kwa moja. Basi waliiweka karibu na chombo chenye kimiminiko, wakapiga picha ya kimiminiko hicho. Betri ina usumaku wake mdogo, na usumaku huo unavuruga kidogo sumaku kubwa ndani ya kimiminiko. Kwa kusoma mvurugiko huo waliweza kukadiria betri imejaa kiasi gani, na kutambua zile zenye kasoro, bila kuzigusa. Na usumaku huo unabadilika kwa sababu gani? Lithiamu inapotoka na kuingia, metali za upande chanya, kobalti ikiwa mojawapo, zinabadilika hali yake ya kemia, na usumaku wake unabadilika pamoja nayo. Kwa maneno mengine, jiwe la kwetu ni kati ya yale yanayotoa habari ndani ya mashine ile.

Mwaka 2020 kulikuja habari mbili nyingine. Watafiti wa Birmingham na Nottingham, pamoja na Melanie Britton, walipiga picha za sodiamu ndani ya betri ya sodiamu ikiwa kazini. Sodiamu ni ile iliyomo katika chumvi ya jikoni; haipungui duniani. Huko Cambridge, kikundi cha Grey kilitumia njia hiyohiyo ya sumaku kuchunguza betri za mtiririko. Hizi ni betri ambazo umeme unatunzwa katika majimaji ndani ya matangi mawili, na pampu inayazungusha. Ukitaka kutunza umeme mwingi zaidi, unaongeza ukubwa wa matangi. Walipitisha majimaji hayo ndani ya sumaku na kuona, hatua kwa hatua, namna molekuli zinavyopokea umeme na namna nyingine zinavyoharibika. Daktari anaweza kutumia IRM kupima mwendo wa damu ndani ya mshipa; mhandisi anaweza kupima mwendo wa majimaji ndani ya betri kwa kanuni hiyohiyo.

Tusikuze mambo kupita kiasi. Mashine hizi ni ghali, picha zake huchukua muda, na hazioni vitu vidogo kama darubini ya elektroni inavyoviona. Hakuna kiwanda kilichoacha kobalti kwa sababu ya picha moja ya IRM. Lakini faida yake ni hii: zamani ulipotaka kujua kwa nini betri imekufa, uliipasua, na kwa kuipasua ukaharibu ushahidi. Sasa ugonjwa unaonekana ukianza, betri ikiwa bado hai. Ndivyo vifaa vipya vinavyopimwa na kurekebishwa kwa haraka zaidi.

Maana yake kwa kobalti

Hapa ndipo habari ya maabara inapokutana na habari ya Kolwezi. Viwanda vimekuwa na sababu mbili za kupunguza kobalti. Ya kwanza ni bei, inayopanda na kushuka bila taratibu. Ya pili ni aibu: tangu ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 kuhusu watoto katika machimbo ya mkono, makampuni ya simu na ya magari yanaulizwa na wateja wao kobalti imetoka wapi.

Matokeo yameshaonekana. Betri ya kwanza ya Sony ilikuwa na kobalti kama metali kuu ya upande chanya, mbali na lithiamu. Baadaye magari yakatumia mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti kwa sehemu sawa. Kobalti ikawa theluthi moja ya metali hizo. Kisha ikashuka hadi sehemu mbili kwa kumi, na katika aina mpya hadi sehemu moja kwa kumi. Na kuna betri ya chuma na fosfati, iliyotoka mwaka 1997 katika maabara ya Goodenough yuleyule, ambayo haina kobalti hata chembe. Kwa mwaka 2024, kwa hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati, betri za aina hiyo zilikaribia nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani.

Je, kobalti imekwisha? Hapana. Magari ya umeme yanaongezeka, simu na kompyuta bado zinaitaka, na injini za ndege zinahitaji aloi zake. Mahitaji ya dunia yanaweza kukua hata kama kila betri inatumia kidogo. Lakini hebu tuone mtego uliomo katika sera ya viwango. Tukitoa kobalti nyingi, bei inaanguka. Tukiibana, bei inapanda, na bei ikipanda, kila maabara inapata sababu mpya ya kuitafutia mbadala. Viwango vinaweza kutununulia muda. Swali ni tutafanya nini na muda huo tulionunua.

Maana yake kwa vijiji vyetu

Kuna upande wa pili ambao hatupaswi kuusahau. Katika nchi yetu, ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme. Tunalo bonde la Inga, na bado vituo vingi vya afya vinazalisha wanawake kwa taa ya simu. Mahali ambapo jumuiya zetu zimeweka vibao vya jua, tatizo linalorudi kila baada ya muda ni lilelile: vibao bado vizima, betri zimekufa. Chanjo zinaharibika, na mashine ya oksijeni inanyamaza usiku.

Kituo cha afya hakihitaji betri nyepesi kama ya simu. Betri yake haitembei. Kinahitaji betri ya bei nafuu, isiyowaka moto, na inayodumu miaka mingi kwenye joto. Betri za chuma na fosfati zinafaa kazi hiyo, betri za sodiamu zinaanza kuingia sokoni, na betri za mtiririko zimeshajengwa kwa ukubwa wa kuhudumia mji: huko Dalian, China, mwaka 2022 iliunganishwa moja yenye uwezo wa megawati 100, inayoweza kutoa umeme huo kwa muda wa saa nne. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kobalti.

Kwa hiyo tukiulizwa kama utafiti huu ni habari njema au mbaya kwa Kongo, jibu la kweli ni kwamba unategemea unasimama wapi. Mama anayejifungua usiku Walikale au Kasongo ananufaika na betri bora, hata kama haina jiwe letu. Mchimbaji wa mkono wa Kolwezi anaweza kupoteza chakula cha watoto wake kwa sababu ya betri hiyohiyo. Wote wawili ni watu wetu, na wote wawili huketi katika makanisa yetu siku ya Jumapili. Hatuwezi kumwombea mmoja na kumsahau mwingine, wala kuomba elimu isimame ili bei ipande.

Nani amefundishwa kuona?

Nchi yetu haikulala kabisa. Mwezi wa Novemba 2021, katika mkutano wa biashara uliofanyika Kinshasa, ilionyeshwa kwa hesabu za BloombergNEF kwamba kiwanda cha kutengeneza bidhaa ya kati ya betri, chenye uwezo wa tani 10,000, kingegharimu dola milioni 39 kujengwa Kongo, karibu theluthi ya gharama yake Marekani. Mwezi wa Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini mapatano ya kujenga pamoja mnyororo wa betri, na katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikazinduliwa kituo cha ubora kwa ajili ya utafiti wa betri. Hizo ni mbegu. Lakini mbegu bila maji haioti, na maji ya utafiti ni vyombo, umeme wa uhakika, na walimu wanaolipwa.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa njia. Madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kobalti ikiwemo, yanalipiwa mrabaha wa asilimia 10. Katika fedha hizo, nusu inakwenda kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa utawala wa mahali panapochimbwa, na asilimia 10 kwa mfuko wa madini kwa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Bei ikipanda kwa sababu ya viwango, mafungu hayo nayo yanapaswa kuonekana yakikua. Waumini wanaoishi Fungurume au Kolwezi wana haki ya kuuliza, kwa utulivu na kwa maandishi: mwaka huu fungu la mahali petu lilikuwa kiasi gani, na limejenga nini? Na la vizazi vijavyo limemsomesha nani?

Swali la pili linatuhusu sisi wenyewe. Jumuiya zetu za Kiprotestanti zinasimamia shule nyingi sana katika nchi hii. Katika shule ngapi kati ya hizo mtoto anafika mwisho wa sekondari bila kushika sumaku kwa mkono wake, bila kuona kemia nje ya ubao? Kijana aliyefundishwa kwa kunakili tu atakwenda Kolwezi kubeba gunia. Yule aliyewahi kutengeneza betri ndogo kwa malimao kadhaa, misumari na nyaya za shaba, akaona taa ndogo ikiwaka, ameshaanza kuuliza maswali yaleyale wanayouliza watu wa Cambridge. Majaribio hayo hayahitaji mamilioni. Yanahitaji mwalimu aliyeandaliwa na kamati ya wazazi inayoona kwamba jambo hili ni la maana kama ukuta na mabati.

Hatusemi kwamba kila jimbo linunue mashine ya IRM ya kuchunguza betri wakati wagonjwa wetu wenyewe wanasafiri mbali kuitafuta hiyo ya hospitali. Tunasema kwamba kati ya watoto walio shuleni leo, wapo wanaoweza kukaa mbele ya mashine hiyo kesho, Lubumbashi au kwingineko, na kurudi kutuambia mapema mambo yanaelekea wapi. Viwango vya kobalti vimepangwa hadi mwaka 2027. Mtoto anayeingia sekondari sasa atakuwa bado darasani viwango hivyo vitakapokwisha. Basi wakati wa mkutano wa kamati za shule mwaka huu, tuliweke jambo hili kwenye ajenda: maabara moja ndogo, mwalimu mmoja wa sayansi aliyeongezewa mafunzo, na barua moja kwa wakubwa wa mahali kuuliza fungu la mrabaha limekwenda wapi. Hayo matatu yako ndani ya uwezo wetu.